Kamba Aliyoikagua Mama Pekua

Jirani yangu, ambaye tunatenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, alikuwa akilipwa mshahara kwa kutomwamini mtu. Kila jioni kiwanda cha nguo kikifungwa, yeye ndiye aliyesimama kwenye geti la wanawake akiwapapasa mmoja mmoja, mabega, mbavu, kiuno, mpaka vifundo vya miguu, asije mtu akatoka na kitambaa chini ya sketi. Mtaa mzima tulimwita Mama Pekua, na aliitika. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, na kwake hiyo haikuwa methali, ilikuwa kazi.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo alirudi nayo nyumbani. Mimi ni msusi, nasukia watu mlangoni kwangu, na kila alipokuja kusukwa alianza kwa kukagua kitana changu jino kwa jino. Maziwa aliyanusa, kisha akamlazimisha muuzaji naye anuse. Nilimtania kwamba siku ya kufa atampekua malaika kabla ya kumruhusu aingie. Hakucheka. Chumba chake alikikata kwa pazia, upande huu jiko na ndoo za maji, upande ule kitanda alicholala na mjukuu wake, msichana wa darasa la nne aliyemlea tangu mama yake aondoke. Huyo mtoto ndiye aliyekuwa mali yake yote duniani.

Basi akatokea Kocha. Mwanamume mwembamba, mikono imechubuka kama ya mponda kokoto, begani gunia la kamba. Alipita mlango kwa mlango akiomba tumpe watoto kila Jumapili awapeleke kwenye machimbo ya zamani, nyuma ya reli, awafundishe kupanda jabali. Ada hakuna. Viatu anavyo. Tukamuuliza yeye anapata nini, akasema anapenda tu, na mtoto wa mtaa kama wetu naye ana haki ya kupenda. Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu mtu akija na kitu cha bure, kila mama anaita wanawe ndani.

Mwenye duka alisema jamaa anawafundisha watoto kuruka kuta za watu, na siku hiyohiyo akaongeza vipande vya chupa juu ya ukuta wake. Wengine walisema atawauza. Mimi niliamini yote mawili, kwa zamu.

Mama Pekua hakusubiri uvumi. Alimsimamisha Kocha uchochoroni mbele ya macho yetu na kumpekua. Jamaa alimwamkia shikamoo, akainua mikono juu, akatulia tuli mpaka soksi zikaguliwe. Gunia nalo likamwagwa chini: kamba, mikanda, vyuma vya kubana, viatu vilivyochakaa. Hapakuwa na kitu.

"Umeona alivyotulia?" aliniambia tulipobaki wawili. "Asiye na hatia hukasirika kidogo. Huyu amezoea kupekuliwa."

Akampiga mjukuu marufuku kwenda machimboni. Lakini jioni moja, akimwosha mikono, aliona ncha za vidole zimechubuka, na chini ya kucha kuna unga mweupe. Alinigongea ukuta. Nilipoingia, mtoto alikuwa kitandani analia kimyakimya, na bibi yake ameukusanya ule unga kwenye kipande cha gazeti. Mtaani kwetu unga mweupe usiosongwa umeshazika watoto wa watu. Tuliunusa, hauna harufu. Mama Pekua akauonja kwa ncha ya ulimi, akaniamuru nami nionje, halafu tukakaa tunatazamana kuona nani ataanza kuchanganyikiwa. Mtoto alisema ni wa kukaushia jasho la viganja, Kocha huwapa wote.

"Ndivyo wanavyoanza," bibi yake akasema. "Kwanza wanakupa."

Jumapili iliyofuata alijifanya amelala, akamwacha mtoto atoroke, kisha akanivuta nami niende kuwa shahidi. Ule unga aliufutika kifuani. Mimi kwenye simu nilikuwa na namba ya kituo cha polisi tayari, ila sikuibonyeza, maana fitina tamu lakini polisi ni polisi.

Tulijificha nyuma ya mashine ya zamani ya kusagia mawe, kutu tupu. Kitu cha kwanza tulichokiona ni Kocha mwenyewe akitumbukiza mikono kwenye kifuko, akaitoa imejaa unga mweupe, akapiga makofi vumbi likapaa, akashika jiwe. Watoto nao vivyo hivyo. Mama Pekua alinyong'onyea. Alikuwa amejiandaa kwa makubwa. Lakini hakukubali kushindwa. "Wanajua tupo hapa," alininong'oneza.

Kamba ilitoka kiunoni mwa mtoto wa zamu, ikapanda hadi kwenye pete ya chuma juu kabisa ya jabali, ikarudi chini mikononi mwa Kocha. Kabla mtoto hajapanda, mwenzake alimkagua: akavuta mkanda wa kiunoni, akavuta wa mapajani, akaligeuza fundo akalitazama mbele na nyuma. Kisha wote wawili wakamkagua Kocha. Aliyesahau kukagua alirudishwa mwisho wa foleni. Mama Pekua alitazama hayo amekunja uso, akitafuta kosa. Mjukuu wake alipofungwa kamba, bibi alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

Yule mtoto alipanda vizuri kuliko wote. Kila jiwe aliligonga kwanza kwa ngumi, akalitikisa, ndipo akaliamini na mguu wake. Alifika kwenye pete, wenzake wakashangilia. Kocha akamwambia aachie mikono, akae kwenye mkanda kama anayekaa kitini, amshushe.

Hakuachia. Kocha akarudia kwa upole kwamba amemshika. Mtoto akatazama chini, akatazama juu, kwenye ukingo ambao ulikuwa mbali kidogo tu na kichwa chake. Kisha nikaona mkono wake mmoja unashuka kwenye fundo. Alikuwa analifungua, apande ukingoni mwenyewe, bila kamba ya mtu.

"Usiguse fundo," Kocha akasema, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine kabisa.

"Bibi amesema nisijiweke mkononi mwa mtu," mtoto akajibu kutoka kule juu.

Nilidhani Mama Pekua ataanguka. Badala yake alitoka mafichoni, akamfikia Kocha, na kwa mara ya pili akampekua: mkanda, chuma, kamba inavyopita kwenye chuma, viganja. Kocha hakuthubutu kuinua mikono safari hii.

"Bibi!" mtoto akaita. "Ni mtu mzuri?"

Mama Pekua akanyamaza. Mimi ndiye pekee pale niliyejua kwa nini. Miaka ya nyuma alikuja mama mmoja nadhifu, maneno asali, akasema kuna kazi za ndani nchi za mbali. Jirani yangu, aliyepekua kiwanda kizima, yule hakumpekua. Alimwambia binti yake, mama wa mtoto huyu, "Nenda mwanangu, ni mtu mzuri." Simu zikaja, zikapungua, zikakatika. Tangu hapo maneno hayo hayakuwahi kumtoka tena kwa ajili ya mtu yeyote.

"Sijui," akasema mwishowe, akiinua uso. "Simjui huyu mtu. Fundo lako nililiona likifungwa, liko sawa. Vyuma vyake nimevikagua. Na kamba naishika mimi. Toa mkono hapo."

Akaidaka kamba nyuma ya mikono ya Kocha. Alitaka kuizungusha kiganjani, Kocha akamwambia taratibu asiizungushe, itamkata vidole. Aishike tu, na aiache ipite kidogo kidogo. Jinsi alivyomtazama, ungedhani jamaa ametukana. Lakini hakuizungusha.

Mtoto akatoa mkono kwenye fundo. Akafumba macho, akaachia jabali.

Alishuka polepole, miguu ikigusa mwamba, na mimi nililia waziwazi, sikujali watoto wa watu. Mama Pekua hakulia. Macho yalikuwa juu, midomo imekauka, na kamba ikapita viganjani mwake kipande kwa kipande, kila kipande kama anamnyang'anya mtu. Miguu ya mtoto ikagusa ardhi. Kocha akafungua chuma chake, akalegeza upande wake, lakini mtoto hakuweza kulifungua fundo lake. Kamba ilikuwa bado imekaza.

"Bibi, nimefika," akasema. "Achia."

Bibi yake alimsikia, akatikisa kichwa kukubali, na mikono ikakataa. Mtoto akamsogelea, akaanza kumfungua vidole, kimoja baada ya kingine.