Taa Zote Zilikuwa Kijani

Jumanne, tarehe 12 Novemba. Mvua ilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo kabla ya saa tatu asubuhi, na radi zake.

Radi ikianza, mimi huchomoa kila kitu ukutani. Mume wangu hunicheka: "Ungeweza, hata mafiga ungeyachomoa." Lakini mwaka juzi radi ilituunguzia televisheni. Kusema haki, siku ile ni mimi niliyesahau kuichomoa.

Leo nilichomoa mpaka nyaya za modemu. Nyuma ina tundu moja la bluu na manne ya njano. Waya mmoja unatoka kwenye antena juu ya bati, mwingine unapita dirishani hadi chumba cha mpangaji wetu, binti muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Anasoma kwa mtandao, na saa tano alikuwa na mtihani. Alipiga simu akitoka zamu.

"Mama, intaneti ipo?"

Nyaya nilikuwa nimesharudisha. Taa ndogo pembeni ya tundu ilikuwa kijani. Nikamwambia ipo.

Alifika amelowa hadi magotini, akanisalimu, akaingia kwake. Haukupita muda akarudi.

"Mama, haifunguki. Na bando la simu tangu mvua linazunguka tu."

Tukaangalia. Sasa zinawaka taa mbili, ya antena na ya kwake, zote kijani. Nikasema labda kompyuta yake ndiyo imechoka. Sijui kwa nini nilisema vile.

Mume wangu, kule kwenye kiti: "Si ulichomoa asubuhi?"

Binti akanitazama. Nikasema ndiyo, nilichomoa.

Akachuchumaa. "Waya wa antena umeuweka kwenye njano, wangu ukauweka kwenye bluu. Wa antena ndio wa bluu."

"Na kijani hii?"

"Hiyo inasema waya umeshika huku na kule, basi. Haisemi intaneti imefika."

Akabadilisha. Taa zikaanza kupepesa haraka haraka. Akaingia kwenye mtihani saa tano na dakika ishirini, na saa ya mtihani ilikuwa imeshaanza kuhesabu bila yeye.

Sikuweza kukaa. Nilifagia uani palipokwisha kufagiliwa. Nilikwenda kuangalia zile taa mara tatu, mikono nyuma, nisije nikagusa.

Alitoka saa saba. "Maswali mawili ya mwisho sikuyafikia."

"Utafeli?"

"Sijui, mama."

"Nisamehe, mwanangu. Nilijua nimechomoa, nikanyamaza."

"Ungesema tu kwenye simu. Ningekuelekeza nikiwa njiani." Hakusema kwa hasira. Akaenda kulala.

Jioni tulikula ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, ya mawese na migebuka wa ziwani wa kukaanga. Samaki mkubwa nilimwekea binti. Alikula nusu, akasema ameshiba.