Buti za Baridi Tatu

Perizat alipima mguu wa binti yake mara tatu kabla ya kwenda kununua viatu. Alimsimamisha Sezim juu ya karatasi, akauzungushia unyayo wake penseli, akakata mchoro ule kwa mkasi na kwenda nao soko la mji wa Naryn kana kwamba amebeba cheti. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemweleza kwamba mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kusema kiatu kinambana, kwa hiyo ni juu ya mama kujua. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. Soli ikunjike kwa mkono, na sufu ya ndani iweze kutolewa ikaushwe. Perizat alikunja kila kiatu kilichokuwa mezani, hata muuzaji akamwuliza, "Dada, unanunua au unafua?"

Alinunua. Vilikuwa viatu vya kahawia, namba ishirini na mbili, vyepesi. Sezim alivivaa siku hiyo hiyo, akazunguka chumba kizima bila kushika ukuta. Talant, mume wa Perizat, ambaye ni fundi wa kupiga lipu, alivitazama, akasema, "Vizuri," akaendelea kula.

Mwezi wa Novemba walikwenda kijiji cha At-Bashy, kwa wazazi wa Talant, kula nyama ya farasi aliyechinjwa kwa ajili ya baridi. Tangu aolewe, Perizat huwaita wakwe zake Mama na Baba. Majina yao hayajawahi kutoka kinywani mwake. Hilo halimsumbui. Huku kwetu mke wa mwana humimina chai, haongei kwa sauti kubwa, na hukaa karibu na mlango. Na kusema kweli, mama mkwe wake, Bi Anarkan, hajawahi kumwonea. Perizat alipojifungua, bibi huyu alikaa naye siku arobaini, akamfulia nguo na kumpikia supu. Ni mtu ambaye ukisifia shali yake, utaondoka nayo.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Angekuwa mtu mbaya, Perizat angeweza kumnunia.

Walipoingia tu, Bi Anarkan alimpakata mjukuu wake akamvua vile viatu vya kahawia.

"Hivi vya kuchezea ndani," alisema. "Sasa njoo uone babu yako alivyokutengenezea, roho yangu."

Akaleta buti za sufu iliyoshindiliwa, nene, za kijivu, ngumu kama magogo. Alipomvisha Sezim, zilimfika mapajani. Mtoto akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akaanguka kifudifudi.

"Tazama!" Mzee Kasymaly, baba mkwe, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Anatembea kama mlevi anayetoka harusini!"

"Ni kubwa kidogo, Mama," Perizat alisema kwa upole.

"Si ndiyo maana yake? Baridi hii avae na soksi tatu, ijayo na soksi mbili, ya tatu na soksi moja. Ya nne tutamtafutia nyingine."

"Kule kwetu kuna ngazi nyingi, Mama. Atajikwaa."

"Ngazi gani?" Bi Anarkan alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hapa kuna ngazi?"

Perizat alimgeukia mume wake. Talant alikuwa ameinamia bakuli lake la chai kana kwamba ndani yake kuna maandishi.

Alimfuata nje alipokwenda kuchukua kuni.

"Ulijua?"

"Baba alinipigia simu mwezi wa tisa."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nisemeje, Perizat? Mtoto wa kwanza hukaa kwa babu na bibi. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi. Nimepungukiwa nini?"

Perizat alikuwa na jibu, lakini halikuwa la kumwambia mtu aliyebeba kuni mikononi.

"Waambie bado mdogo."

"Waambie wewe."

"Mimi mke wa mwana wao, nitasemaje?"

"Na mimi ni mwana wao. Nitasemaje?"

Wakarudi ndani. Wazee walikwisha kutandika godoro dogo kando ya lao, lenye mfarishi mpya wa vitambaa vya rangi. Kulikuwa na ng'ombe aliyenunuliwa kwa ajili ya maziwa ya Sezim. Vyote hivyo walimwonyesha Perizat wakitarajia afurahi, naye akashukuru, maana ungemfanyia nini mtu aliyemnunulia mwanao ng'ombe?

Hakuweza kumzungumzia mtoto. Aliloweza kuzungumzia ni buti, basi akazing'ang'ania.

"Ni nzito, Mama. Miguu yake bado laini."

"Kweli," Bi Anarkan alikubali. "Baba Talant, lete kisu." Mzee akakata sehemu ya juu hadi chini ya goti, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Zinapwaya kisiginoni."

Bibi akatoa manyoya ya kondoo, akakata soli mbili za ndani, akazishona kwa uzi mnene. Alimwomba Perizat amtungie sindano kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Perizat akaitunga.

"Theluji ikiyeyuka zitalowa."

"Huyu mkwe wetu ana akili!" Mzee Kasymaly alisema kwa fahari. "Sisi hatukufikiria hilo." Akatoka, akarudi na vifuniko vya mpira vya kuvaa juu ya buti, vilivyowahi kuvaliwa na Talant alipokuwa mdogo. Vilikaa sawasawa.

Perizat aliingiza kidole mbele ya vidole vya Sezim, kama alivyofundishwa. Nafasi ilikuwa ya upana wa kidole kimoja. Alikunja soli, ikakunjika. Hakukuwa na kasoro iliyobaki, na yeye ndiye aliyeziondoa zote, moja baada ya nyingine.

"Kuna lingine, mwanangu?" Bi Anarkan aliuliza. Hakuwa akimdhihaki. Alikuwa na uzi mkononi, na angeweza kushona hadi asubuhi kama angeambiwa.

Talant alisimama akasema anakwenda kulitazama gari.

"Hapana, Mama," Perizat alisema. "Hakuna lingine."

Asubuhi ya pili waliondoka. Theluji ilikuwa imejaa uani. Perizat alimbusu mtoto, akaingia garini, akateremsha kioo ingawa baridi ilikuwa kali. Sezim alisimama mlangoni amevaa buti zake, bibi nyuma, babu kando. Alipoona mama yake yuko ndani ya gari, akaanza kumfuata.

Perizat alimwangalia miguu. Aliomba ajikwae mara moja tu, ili apate sababu ya kufungua mlango.

Sezim aliuvuka uwanja wote bila kuyumba, mikono juu, akicheka kwa ushindi. "Anaenda! Mwone anavyokwenda!" Mzee Kasymaly alipiga makofi. Alipobakiza hatua mbili kulifikia gari, Bi Anarkan alimwinua kwa nyuma, akamgeuza uso upande wa nyumba.

"Twende basi," Talant alisema, akatia gia.