Kwenye simu ya yaya, Mama Mukubwa alianguka chini ya viti

Admin, jina langu lisionekane, maana ukoo wangu wote unafuata ukurasa huu, na huyo ninayemsema atakuwa wa kwanza kusoma. Asome tu.

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi hapa Bunia, mtaa wa Mbunya, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Marehemu baba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza tunamwita Mama Mukubwa. Mimi ni mtoto wa wa pili. Jumamosi hii tunamaliza matanga ya baba, na familia iliniomba nitengeneze tovuti ya kuwaalika ndugu walio mbali.

Niliifanya kwa moyo wote. Katikati niliweka picha ya baba, na chini yake picha ya viti na hema, kuwashukuru waliotuazima. Kushoto nikamweka mama yangu. Kulia nikamweka Mama Mukubwa, kwa sababu kwetu mke mkubwa hukaa kulia kwa mume. Kwenye kompyuta yangu, dirisha likiwa limefunguka lote, ilipendeza kweli. Nikaituma bila kulipunguza dirisha nione itakuwaje.

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa Mama Mukubwa, yuko Nizi kwenye machimbo ya dhahabu. Aliifungua kwenye simu. Kioo cha simu ni chembamba, kwa hiyo zile safu tatu zilipangana moja chini ya nyingine kuanzia kushoto: mama yangu, baba, viti, na mwisho kabisa Mama Mukubwa. Akanipigia.

“Weye, juu ya nini mama yako iko juu na mama yetu iko chini ya viti? Unazani siye tuko wajinga?”

“Yaya, ni simu ndiyo inabadilisha. Fungua mu kompyuta, utaona.”

“Simu iko na mama wa pili wa kupendelea? Mama wa pili ni wako!”

Akakata. Nilirekebisha saa ileile. Niliipanga upya ili skrini ikiwa nyembamba aanze baba, afuate Mama Mukubwa, kisha mama yangu, viti mwisho. Nikashika ukingo wa dirisha, nikalibana, nikalipanua, nikalibana tena, hakuna aliyeshuka mahali pake. Lakini yaya alikuwa ameshapiga picha ule ukurasa wa zamani na kuurusha kwenye kundi la familia. Sasa mashangazi wananiita nyoka. Watu niliowafundisha hata kufungua WhatsApp!

Hukumu ya yaya, kama mtoto mkubwa wa baba, ni hii: nilete mbuzi, nimpigie yeye magoti mbele ya wote, niseme nilifanya makusudi. Nikikataa, mama yangu hatakaa mbele Jumamosi, atakaa na wageni. Mjane wa baba, na wageni! Mama analia, ananiambia, “Mwanangu, sema tu ulikosa, basi.” Mimi namchukia yaya, siwezi kuficha. Niseme uongo ili yeye aonekane mkubwa?

Jana nilikwenda kwa Mama Mukubwa mwenyewe. Nilitaka amwambie mwanawe aache. Alinipa chai, kisha akasema:

“Mutoto, miye sijui mambo ya simu. Najua haukufanya makusudi. Lakini tangu baba yako aoe mama yako, alilala kwenu, alikula kwenu, aligonjwa kwenu. Miye nilikuwaka kule chini tangu zamani. Hakuna mutu alipiga ile picha.”

Nilipiga magoti palepale jikoni kwake bila kuambiwa na mtu, akaniinua.

Alipopata habari, yaya alisema hayo hayahesabiki, kwa kuwa yeye hakuwepo. Anataka magoti yake, na anataka ule uongo.

Jumamosi inafika. Nikikubali, mama yangu anakaa mbele. Nikikataa, anakaa na wageni kwenye viti vilevile vya kuazima. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?