Beji ya Hobert Teter

Jeneza la Hobert Teter lilikuwa lifungwe saa tisa alasiri, na mkewe Orpha alikuwa bado hajaamua kama beji ibaki kwenye koti la marehemu au itolewe. Bwana Pritt wa nyumba ya mazishi alikuwa amemuuliza mara tatu.

“Mama Teter, niitoe au niiache?”

“Vyovyote,” alijibu Orpha.

Siku ya nne hiyo, jibu lake kwa kila kitu lilikuwa vyovyote. Hakulia, hakula. “Delphia,” aliniambia asubuhi, “ukinichoma sindano sasa hivi sisikii. Nimekufa ganzi mwili mzima.” Wanawake wa kanisa walikuwa wamemletea viazi vya jibini, sahani kumi na moja, kana kwamba huzuni ni njaa. Nilikasirika nikazirundika zote kwenye friji. Mimi nilimletea mikate yetu midogo yenye soseji kali ndani, ile wachimba makaa wanayoshuka nayo mgodini. Hiyo pia hakuigusa.

Beji yenyewe ni kiatu cha farasi cha dhahabu, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Kwetu Virginia Magharibi watoto wa darasa la nane hufanya mtihani wa mambo ya jimbo letu: milima, mito, vita, makaa. Washindi wachache wa kila kaunti huenda mji mkuu, wakapiga magoti, wakaguswa begani kwa upanga, wakabandikwa beji hii. Mtu wa huku anaweza kusahau tarehe ya harusi yake, lakini upanga ule hausahau.

Hobert aliguswa mwaka 1970. Orpha aliukosa kwa swali moja.

Nilikuwepo. Asubuhi ya mtihani tulikaa watatu kwenye ngazi za shule, na Hobert akauliza kaunti iliyozaliwa mwisho ni ipi.

“Mingo, mwaka 1895,” Orpha alimwambia. “Hicho ni kichwa au boga?”

Tulipoingia ndani, Orpha akaanza kujitilia shaka. Akafuta Mingo, akaandika nyingine. Hobert akaandika Mingo.

Miaka mitano baadaye alimwoa. Kwa miaka arobaini na saba, kila Jumapili alipobandika beji kwenye koti, alimtania: “Haya mke wangu, mkaangie shujaa mayai.” Orpha alicheka na kukaanga. Hakulitaja lile la ngazini hata siku moja, na mimi, na ulimi wangu huu usio na breki, nikanyamaza kwa heshima yake. Iliniuma lakini.

Kazi yake Orpha ni kupika shuleni, mwaka wa thelathini na moja sasa, mimi nikimkandia unga. Siku za mikate ya soseji hampi mtoto sahani kabla ya kumtupia swali. Mlima wetu mrefu kuliko yote? Mnyama wetu? Akipata, anapewa mkate wa pili. Akikosa: “Nenda kakae na ujinga wako, kesho urudi bila huo.” Watoto wanampenda kufa.

Basi saa nane na nusu watoto hao wakaja, wameletwa na mwalimu wao, wamechana nywele. Wakapanga foleni mbele ya Orpha aliyekaa kando ya jeneza. Wa kwanza alikuwa kibonge mmoja. Alimtazama Orpha, akatazama maiti, akasahau pole aliyofundishwa. Akasema alichozoea kusema kwenye foleni.

“Bibi Orpha, mnyama wetu ni dubu mweusi.”

Mwalimu alishika mdomo. Orpha hakupepesa jicho. “Sawa. Anayefuata.”

“Jimbo letu lilizaliwa katikati ya vita, mwaka 1863.”

“Sawa.”

“Tofaa la manjano lilianzia Kaunti ya Clay.”

“Sawa. Songa.”

“Mto New ni miongoni mwa mito mikongwe kabisa duniani, na bado tunauita mpya!”

Mtu alicheka nyuma. Orpha hakucheka. Uso wake ulikuwa ule ule, mkavu, na Bwana Pritt alikuwa anaangalia saa. Niliogopa kweli. Nilijiambia kifuniko kikishuka akiwa hivi, atabaki hivi.

Wa mwisho alikuwa Raelynn, mwembamba, meno yana waya.

“Kaunti iliyozaliwa mwisho ni Mingo,” alisema. “Mwaka 1895.”

Orpha hakusema sawa.

“Una hakika?”

“Ndiyo, bibi.”

“Usifute, basi. Wasikufutishe.”

Akasimama. Akainama juu ya jeneza, akaanza kufungua pini ya beji. Pini ilikuwa ngumu, Bwana Pritt akasogea kumsaidia, nami nikamshika mkono wa koti.

“Mwache.”

Pini ikaachia. Orpha akaibandika kwenye gauni lake jeusi, upande wa kushoto, ikakaa mshazari.

“Nilikuazima tu, Hobert,” alisema. “Boga wee.”

Halafu akalia, kwa sauti, mbele ya watu wote, kilio cha siku nne. Bwana Pritt akafunga kifuniko.

Alipotulia nilimpa mkate. Akaumaliza wote, akajifuta mdomo, akanyoosha tena mkono. Nikampa wa pili. Jibu alikuwa nalo tangu 1970.