Mshahara wa Kusimama

Kazi ya Kisiki ilikuwa kugongwa, na kazi hiyo aliijua. Timu ya mpira wa kikapu iliyomwajiri ilikuwa na mfungaji mmoja hatari, kijana mwembamba waliyembandika jina la Sindano, na kila timu pinzani ilimtafutia Sindano mtu wa kumganda kama kupe. Sindano alikimbia, kupe wake nyuma, wakapita ubavuni mwa Kisiki. Sindano alipenya. Kupe akamvaa Kisiki kifuani, puu! Katika nafasi hiyo ya pumzi moja Sindano alibaki peke yake, na mpira ukaingia kikapuni. Uwanja mzima ukapiga kelele za Sindano, Sindano. Kisiki akashika mbavu zake, akarudi upande wao kwenda kulinda.

Sheria ya kumziba mtu njia ni kwamba miguu isicheze. Ukisogea wakati anakugonga, refa anapuliza filimbi na faulo ni yako. Kwa hiyo unamwona mtu anakujia mzima mzima, mwili wote unakwambia kwepa, na wewe unaganda. Anayesema hiyo ni kazi rahisi akasimame mbele ya baiskeli inayoteremka mlima bila breki, akipona aje tuongee.

Mwili wa Kisiki ulikuwa umeshalipia. Meno mawili ya mbele yalikuwa ya bandia, bega moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine, na goti la kulia lilijaa maji kila baada ya mechi. Kwa karani umri wake ungekuwa ujana. Kwa mchezaji ulikuwa uzee.

Nyumbani alikuwa na hakimu wake. Kaka wa mkewe, fundi mwashi, alikuja kulala siku mbili tatu akageuka fanicha ya sebuleni. Jioni alivua viatu vyenye saruji, akanyoosha miguu kwenye kochi la shemeji yake, akaanza.

"Shemeji, leo umefunga ngapi?"

"Moja."

"Moja! Na mshahara ni ule ule?"

"Ule ule."

"Dunia hii! Mimi nikisimama dakika tano, msimamizi ananifukuza. Wewe usiposimama ndiyo unafukuzwa. Hebu niulizie kama wanamtaka mwingine, nina kipaji kikubwa cha kusimama."

"Cha kulala ndicho tunachokiona," mkewe alidakia kutoka jikoni, na Kisiki akacheka, mkono ubavuni.

Mke huyo alikuwa anaumwa figo. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali kukaa kwenye mashine ya kusafishia damu, akarudi midomo imepauka, akalala mpaka kesho yake. Mashine hiyo si ya bure. Klabu iliwapa wachezaji wake kadi ya matibabu, ya mchezaji na familia yake, na kadi ndiyo iliyolipa. Watu waliobishana barazani kama Kisiki anastahili mshahara wake hawakujua kuwa kilichomtoa kitandani na goti lile ni kadi ya plastiki. Akikosa mkataba, kadi inakwenda nao.

Na mkataba ulikuwa unaisha. Klabu ilikuwa imeleta meneja mpya kutoka kampuni ya sabuni, mtu wa shati jeupe na maneno machache. Wiki ya mechi ya mwisho alimwita Kisiki ofisini, asimwambie hata aketi.

"Nimetazama pointi zako za msimu mzima," alisema. "Nilikotoka, sabuni isiyotoka dukani tunaiondoa kwenye rafu. Jumamosi nitakuwepo uwanjani. Nionyeshe ninalipia nini."

Kisiki alitoka ofisini akiwa ameelewa jambo moja tu: pointi. Hakumwambia kocha, hakumwambia mkewe. Kila alfajiri alikwenda uwanjani peke yake kutupa mipira, goti likilia kama bawaba kavu.

Jumamosi mchana uwanja ulijaa. Mkewe alikaa katikati ya jukwaa, kitambaa mabegani, na shemeji pembeni yake. Meneja alikaa mbele. Mpira ulipoanza, Sindano alikimbia kuzunguka kama kawaida, akapita pale ambapo Kisiki husimama, asimkute. Kisiki alikuwa amejivuta pembeni, mikono juu, anaomba mpira.

Wapinzani hawakumjali. Nani alinde kisiki? Akapewa, akatupa, ukaingia. Akatupa tena, ukaingia tena. Watu waliinuka. Kwa mara ya kwanza maishani jina lake liliimbwa uwanjani, na shemeji ndiye aliyeongoza nyimbo, shati linazungushwa hewani.

"Kaka, uko wapi?" Sindano alimuuliza wakirudi kulinda, jasho linamtiririka.

"Nipo."

"Hupo, kaka. Huyu jamaa ananipumulia shingoni, sioni hata kikapu."

"Komaa, dogo."

Sindano alikomaa, lakini mwenye kupe mgongoni atakomaa mpaka wapi? Mipira yake iligonga chuma. Kocha alipiga kelele kutoka kwenye benchi mpaka sauti ikakauka: "Simama! Kisiki, simama!" Kisiki alisikia. Akamtupia jicho meneja pale mbele, akamwona anaandika kitu kwenye simu yake, akaomba mpira mwingine. Kumtoa, kocha hakuwa na wa kumwingiza. Wachezaji wawili wa nafasi yake walikuwa majeruhi.

Kisiki hakuwahi kufunga pointi nyingi vile. Na timu ilifungwa, tena vibaya.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Sindano alitoka bila kumtazama. Kocha alibaki, akakaa kwenye benchi, taulo mkononi.

"Unajua nilimwambia nini yule bosi?" alisema. "Nilimwambia, usiangalie pointi zake. Mwangalie anaposimama, halafu mtazame Sindano. Nilimwomba kitu hicho kimoja. Akakubali."

Kisiki aliacha kufungua kamba za viatu.

"Mbona hukuniambia, kocha?"

"Nikwambie nini? Kwamba usimame? Miaka yote umesimama. Ningejuaje kama leo ndiyo siku umechagua kukimbia?"

Jumatatu asubuhi meneja alimwambia aketi, na Kisiki akajua mambo yamekwisha.

"Ulifunga vizuri Jumamosi," meneja alisema.

"Asante, bosi."

"Wa kufunga ninao, na wako vijana wanaotaka nusu ya hela yako. Kocha anasema wewe nikulipe kwa nafasi unayompa Sindano. Nilikaa mpaka filimbi ya mwisho niione hiyo nafasi. Sikuiona."

"Bosi, mechi zote za nyuma..."

"Za nyuma sikuwepo." Alisimama, akampa mkono. "Kadi yenu itafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi."

Kutoka hapo alikwenda hospitali. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, mirija miwili ya damu mkononi, mashine inanguruma taratibu. Alimsoma usoni kabla hajafungua mdomo.

"Wamekataa."

"Wamekataa."

"Na kadi?"

"Mwisho wa mwezi."

Mkewe alifumba macho. Kisiki alivuta kigoda akakaa, akaanza kueleza habari ya meneja, sabuni na pointi, maneno yanamgongana. Alipofika kwa kocha, mkewe alimkatiza.

"Na mimi nilishangilia," alisema. "Ulipofunga ile ya kwanza nilisahau kama naumwa. Nilipiga kelele mpaka nikapaliwa. Nikajisemea, jamani, leo na mume wangu ameonekana."

"Nilidhani nakuokoa."

"Najua ulichodhani."

Nesi alikuja, akakagua mirija, akamfunika miguu. Alikuwa binti mchangamfu aliyewazoea.

"Alhamisi muda ule ule, mama?"

"Alhamisi nipo."

"Na mwezi ujao nikuwekee siku zile zile?"

Mke wa Kisiki alimtazama mumewe, akamtazama nesi.

"Mwezi ujao mpe mwingine hiki kiti, mwanangu," alisema. "Ila yule anayechelewa kila siku usimpe. Atakuharibia zamu."

Nesi alicheka, akadhani ni utani.