Meta Ishirini za Kapeti

Wenzangu tuliokulia Sapiwi miaka ile ya ruksa mtakumbuka: jana tulipanga foleni ya sabuni, kesho yake maduka ya Bariadi mjini yamejaa vitu tusivyojua hata matumizi yake. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani na tabasamu, na kila mzee aliyeuza vizuri akatafuta kitu cha kumringishia jirani. Jirani yetu alinunua redio kubwa kama sanduku. Baba akasema atatandika kapeti la plastiki sebuleni.

Sakafu yenyewe ilikuwa ya udongo. Mayu, mama yetu, aliisiliba kwa samadi kila Jumamosi. Baba hakusoma. Mimi nilikuwa darasa la sita, na fimbo za mwalimu zilikuwa zimenifundisha kwamba eneo ni urefu mara upana.

"Ng'wana wane, mwanangu," baba akaniita, "shule imekutoa kwenye ndama miaka yote hii. Leo ilete faida."

Nikaazima rula ndefu ya ubaoni, nikapima nikitambaa kwa magoti, majirani wakichungulia dirishani. Urefu meta tano, upana meta nne. Nikaandika ukutani kwa mkaa: 20.

"Meta za mraba ishirini!" nikatangaza.

Baba alilirudia neno "mraba" mara mbili, kisha akalidondosha njiani. Dukani alisema, "Nipe meta ishirini."

Kapeti lilikuwa na upana wa meta mbili, kwa hiyo urefu wa meta kumi ungetosha sebule nzima. Mwenye duka alimsikia baba akisema ni la sebule moja. Lakini soko lilikuwa huria, na mkasi wake nao ulikuwa huru. Alikata zote ishirini, akasaidia hata kupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Tulipotandika, sebule ilijaa na nusu ya kapeti ikabaki. Ile ilikuwa pamba ya msimu mzima, migongo yetu sote.

"Ulikosea hesabu?" mayu akaninong'oneza.

"Sikukosea. Ila dukani wanapima urefu tu, na sikumwambia baba."

Baba alitusikia. Akatazama uani, kijiji kizima kilikuwa kinangoja, akapaza sauti: "Mlidhani natandika sebule peke yake? Na watoto je, si watu?"

Basi kipande kilichobaki kikatandikwa chumbani kwetu, tukawa watoto pekee Sapiwi waliolala chini juu ya maua ya plastiki. Majirani walivua viatu mlangoni. Wasio na viatu walinawa miguu.

Fimbo niliyoingoja haikuja. Msimu uliofuata, baba alinisimamisha mbele ya mizani ya pamba nisome kilo. Mnunuzi akaniambia nisogee, namzibia mwanga.

"Huyu hasogei," baba akasema. Na mizani siku hiyo ilisoma vizuri ajabu.

Siku hizi kijana wangu ana shahada. Majuzi alitaka vigae vya sebule yake, akakipiga chumba picha, simu ikampa eneo. Vigae vikapungua. Nikamuuliza kama alipima mwenyewe.

"Mama, siku hizi nani anapima?"

Akaongeza vingine, sakafu ikakamilika. Inang'aa kama kioo. Mwezi sasa umepita, na hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kuiona.