Mkwe Aliyekimbilia Mahindini

Sisi tuliokulia Iringa miaka ile ya hamsini, tukienda shule peku huku umande umeganda kwenye majani, tulifundishwa kitu ambacho wajukuu zetu hawajafundishwa: kunyamaza. Mtoto hakuanzisha mazungumzo na mkubwa. Ulisubiri uulizwe, ukajibu kwa kiasi cha swali, ukarudi kwenye kazi yako ya kupukuchua mahindi. Wa kwangu wa miaka sita juzi alimkatiza mchungaji sebuleni kumwambia kwamba viatu vyake havifanani na suruali. Nikajifanya sijasikia.

Mwalimu wetu wa somo hilo alikuwa Babu mzaa baba. Alikuwa mgane, mrefu, mwenye koti zito lililotoboka viwiko, na mwenyewe alisema maneno machache kwa siku kuliko kuku. Lakini kimya cha watu wengine alikijua kama mkulima anavyoijua ardhi yake. Jioni tukizunguka mafiga, moshi ukitutoa machozi, tukisubiri ugali wa ulezi na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, alitutazama mmoja mmoja na kutupanga.

"Huyu ni mkimya, ameumbwa hivyo, mwacheni. Huyu ana haya, ameona mgeni. Huyu amenuna, atakula njaa ikimzidi. Na huyu," kiko kikaelekezwa kwangu, "huyu ana jambo."

Kweli nilikuwa nalo. Maziwa mgando ya asubuhi nilikuwa nimeyalamba mimi, hadi ukoko wa kibuyu. Babu hakuwahi kukosea, na majirani walimwita kwenye mabaraza yao akae tu pembeni, kisha baadaye awaambie nani amenyamaza kwa hasira na nani kwa hofu. Nilimheshimu kupita kiasi. Hata leo namheshimu.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu, Baba Mdogo, kitinda mimba wa Babu, alirudi kutoka mashamba ya chai ya Tukuyu akiwa na mke. Alikuwa Mnyakyusa, jina lake Subilaga, mwanamke mwenye mikono yenye nguvu na mwanya wa kupendeza. Babu siku hizo alikuwa msibani mbali. Baba Mdogo alikaa siku mbili tu, akapanda lori la vijana wanaokwenda machimbo ya shaba huko Rhodesia, akatuachia bibi harusi mikononi mwa mama yangu.

Babu aliporudi kutoka msibani alimkuta mkamwana wake njiani, anatoka mtoni na mtungi kichwani. Sisi watoto tulikuwa nyuma, tuliona kila kitu. Mama Mdogo, ndivyo tulivyomwita Subilaga, alisikia tukinong'ona "Babu huyo", akatupa mtungi ukavunjika vipande vipande, akajifunika kanga usoni, akaingia kwenye shamba la mahindi mbio kama anayefukuzwa na nyuki. Babu alibaki amesimama na fimbo yake, mdomo wazi. Ile salamu yetu ya Kihehe, "kamwene", aliyokuwa ameiandaa ilimfia kinywani.

Kwetu Uhehe mke wa mwanao anakuja asubuhi, anapiga goti, anakusalimu. Usiposalimiwa umedharauliwa, hakuna tafsiri nyingine. Babu alisubiri asubuhi ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Chakula chake kililetwa na mimi. Siku moja akajishusha, akamsalimu yeye kwanza kutoka mlangoni. Mama Mdogo akageuka, akachuchumaa akimpa mgongo, kimya kama jiwe la kusagia.

"Hiyo si haya," Babu alimwambia mama usiku ule wakati wa mlo. "Haya huinamisha uso. Huyu ananipa mgongo. Hicho ni kiburi."

Mama, aliyempenda Mama Mdogo, alimwita pembeni. "Mdogo wangu, mzee analalamika. Jirekebishe."

"Nimekosa, dada," akajibu Mama Mdogo, macho yamejaa machozi. "Nitajitahidi zaidi."

Na akajitahidi! Alianza kuamka alfajiri kabla ya jogoo ili asikutane na Babu uani. Akabuni njia mpya ya kwenda mtoni, ya kuzunguka nyuma ya mianzi. Kadiri mama alivyomwonya ndivyo alivyozidi kupotea machoni, na kadiri alivyopotea ndivyo Babu alivyozidi kukunja uso. Mwishoni Babu akatoa neno: Jumamosi, mtu mzima wa ukoo atampandisha lori na kumrudisha kwao Tukuyu. Mwanawe akirudi atatafutiwa mwingine.

Mimi nililia chini ya blanketi. Hamkumjua Mama Mdogo kule mtoni. Kule hakuwa bubu hata kidogo. Alisema kuliko maji. Alitufundisha nyimbo za kwao, akatucheka tulipozitamka, na akicheza rede na sisi, mpira wa matambara haukumpata hata mara moja. Tulimtania kwa kusema "halufu" badala ya "harufu", naye akatutania kwa sauti zetu za puani. Mtu wa namna hiyo ana kiburi cha wapi?

Ijumaa, tukiwa tunasugua masufuria kwa mchanga, nikavunja sheria nikamuuliza. "Mama Mdogo, mbona humsalimu Babu?"

Aliacha kusugua. "Nimsalimu? Mimi? Mkwe wangu?" Akaniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Mwana, kwetu baba wa mume haangaliwi. Hasemeshwi. Ukimwona njiani unampisha, unajificha. Mwanamke anayemwonyesha mkwe uso, watu wanauliza mama yake alimlea wapi." Kisha akashusha sauti. "Najua anakasirika. Juzi nilichelewa kujificha, nadhani aliniona kisigino."

Nilibaki na mchanga mkononi. Masikini, alidhani dunia nzima inafanya hivyo. Alidhani anafukuzwa kwa sababu hajifichi vya kutosha.

Usiku ule sikulala. Jumamosi asubuhi kifurushi chake kilikuwa kimefungwa, kimewekwa kizingitini, naye amejibanza nyuma ya ghala akilia bila sauti. Babu alikaa kwenye kigoda chake mlangoni. Nilikwenda nikapiga goti mbele yake, na bila kuulizwa, mimi mtoto, nikasema.

"Babu, umekosea."

Mama aliniziba mdomo kwa mkono. Babu akamwashiria aniache. Nikayamwaga yote: ya mkwe asiyeangaliwa, ya kujificha, ya kisigino. Nilipomaliza nikafumba macho nikisubiri fimbo.

Fimbo haikuja. Babu alinyamaza muda mrefu sana, na kwa mara ya kwanza nikajaribu mimi kukisoma kimya chake yeye. Ilikuwa aibu. Mzee yule aliyesifiwa vijiji vitatu alikuwa ameona heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, akaiita kiburi. Hakuomba radhi, wazee wale hawakuwa na mazoea hayo. Aliinuka, akakohoa kwa nguvu mara mbili kuelekea ghalani, kisha akazunguka nyumba akaenda kukaa uani, ili mlango wa mbele ubaki wazi Mama Mdogo apite na kifurushi chake, aingie ndani.

Tangu siku hiyo Babu hakutembea bomani kwake bila kukohoa. Wageni walidhani ana kifua. Alikohoa akitoka mashambani, alikohoa akikaribia jikoni, na huku mianzini ungesikia majani yakichakarika, Mama Mdogo akimpisha kwa raha zake. Salamu zao nilizibeba mimi, Babu kwa Kihehe, Mama Mdogo kwa Kinyakyusa. "Mwambie mkwe kamwene." "Mwambie Babu ndaga, uji upo." Baba Mdogo alirudi, watoto wakazaliwa, na miaka yote hiyo wawili wale hawakusemeshana neno wala hawakupitisha siku bila kuulizana hali.

Siku hizi mjukuu wangu mkubwa akituma ujumbe kwenye simu, akiona umesomwa haujajibiwa kwa dakika tano, tayari: "Ananidharau." Hamuulizi mtu, hamfuati, anamfuta kabisa. Nikimweleza kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu ana haya, au ana uchungu, au anakuheshimu tu, ananiambia, "Bibi, muda wa kumchunguza mtu uko wapi?" Na kweli, muda hawana. Sisi tulikuwa nao, na bado kidogo tungempoteza Mama Mdogo.

Babu alipofariki nilikuwa msichana mkubwa. Watu walipanga mstari kumwangalia mara ya mwisho, na wanawake wakamwita Mama Mdogo naye aje, kwamba sasa inaruhusiwa, mzee hayupo tena. Alikataa. Alichuchumaa nje ya mlango, akaupa mgongo, kanga usoni, akanishika mkono.

"Nenda wewe ukaniangalizie."

Nikaingia nikamwangalia Babu kwa niaba yake, taratibu, kama nilivyoagizwa. Nikatoka nikamwambia amelala vizuri, uso wake umetulia. Ndipo alipolia kwa sauti, Mama Mdogo Subilaga, na watu wote pale msibani wakamwacha alie.